Shule ya Sekondari Kijijini: Ilivyofika Milimani, na Namna ya Kumchagulia Mtoto

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yalisomwa redioni, nayo yamepigwa chapa hapa ili darasa liyasome tena pole pole.

 

Kila mwaka, matokeo ya darasa la saba yakishatoka, majina ya watoto waliopangiwa shule za sekondari hutangazwa. Katika milima yetu ya Usambara, kuanzia Mtae hadi Bumbuli, na kutoka Mlola hadi Mgwashi, nyumba nyingi hukaa jioni kuzungumza jambo moja tu. Mtoto amefaulu. Je, aende shule ya kata aliyopangiwa, ile ndogo iliyo ng'ambo ya bonde? Au tuuze ng'ombe tumpeleke shule ya bweni ya kulipia? Au aende kwa shangazi yake Tanga au Dar es Salaam?

Baba husema hili, mama husema lile, na bibi pale jikoni naye ana lake. Mara nyingi mtoto mwenyewe haulizwi. Na mara nyingi shauri hukatwa kwa kufuata jina la shule, au rangi ya sare, au maneno ya jirani.

Leo tutajifunza namna ya kukata shauri hilo kwa akili. Lakini tutaanza na historia. Wazee husema: usione vyaelea, vimeundwa. Shule unayoiona pale kilimani haikuota kama uyoga. Ina historia yake, na ukiijua historia hiyo, utajua la kuuliza.

1. Shule za kwanza na wenye shule

Zamani sana mtoto wa Kishambaa alifundishwa na baba yake, mama yake na wazee wa mtaa. Alijifunza kulima kwenye mteremko, kupeleka maji kwa mifereji, kutunza migomba na kujua mvua. Vuga ulikuwa mji wa watawala wa Kilindi. Mtawala wao aliyejulikana sana, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake milima ilipata vita vya kugombea utawala. Watu wa pwani waliopanda kufanya biashara walikuja na dini ya Kiislamu, na pamoja nayo chuo cha Kurani na herufi za Kiarabu. Kwa hiyo kusoma si jambo la jana katika nchi yetu.

Shule za herufi tunazotumia leo zililetwa na wamisionari. Waingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu walikaa Magila, upande wa Muheza, chini ya milima ya mashariki. Vijana wa Magila walioonekana hodari walipelekwa kusoma Kiungani, Unguja. Fikiri safari hiyo: mtoto anashuka mlima, anafika pwani, anavuka bahari, yote hayo kwa ajili ya darasa. Kisha wamisionari wa Kilutheri kutoka Bethel huko Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na kingine Vuga mwaka 1895. Vuga walikuwa na mtambo wa chapa, na vitabu vya Kishambaa na vya Kiswahili vilichapwa humo. Wakatoliki nao walikaa Gare kabla karne ya 19 haijaisha.

Serikali ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, ilifungua shule yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mji wetu wa Lushoto wao waliuita Wilhelmsthal. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Walihitaji makarani, wakalimani na maakida, na shule yao ilikuwa ya kuwapata watu hao.

Simama hapa, ndugu, uangalie jambo moja. Misheni ilifundisha kusoma ili watu wasome vitabu vya dini. Serikali ilifundisha kusoma ili ipate makarani. Hakuna aliyemwuliza mama wa Mlalo anataka mtoto wake awe nani. Hili ndilo funzo letu la kwanza: kila shule ina mwenyewe, na kila mwenye shule ana kusudi lake. Ukitaka kuijua shule, uliza kwanza: imewekwa hapa kwa ajili ya nini?

2. Chujio la wakati wa Waingereza

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Waingereza waliishika nchi hii ya milima. Katika utawala wao elimu ya Mwafrika ilipangwa kwa ngazi. Ngazi ya chini ilikuwa darasa la kwanza hadi la nne. Wachache waliendelea katika shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Kisha wachache wa wachache wakaingia sekondari, darasa la tisa hadi la kumi na mbili.

Kila ngazi ilikuwa na mtihani, na kila mtihani ulikuwa chujio. Watoto wengi wa milimani waliishia darasa la nne. Wengi zaidi hawakuingia shuleni kabisa, hasa wasichana. Aliyepenya hadi juu alilazimika kwenda mbali: Tanga, au Minaki karibu na Dar es Salaam, au Tabora, ambako serikali ilifungua shule katika miaka ya 1920, na hapo mwanzo ilikusudiwa hasa kwa wana wa machifu.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, hesabu inayotajwa mara nyingi ni shule za sekondari 41 tu kwa nchi nzima. Nchi nzima, ndugu! Leo wilaya moja yaweza kuwa na idadi inayokaribia hiyo. Basi mzee wa siku zile hakuwa na shauri la kukata. Hakuuliza shule ipi iliyo nzuri. Aliuliza kama iko nafasi yoyote. Kuchagua ni neno jipya kwetu, na jambo jipya huhitaji kujifunza.

3. Baada ya uhuru: mlango wa chini wapanuliwa

Serikali ya uhuru ilifanya mambo makubwa. Mwaka 1964 ada ya sekondari ilifutwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alisema wazi kwamba watoto wapatao 13 tu katika kila 100 waliosoma shule ya msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo, alisema, shule ya msingi isiwe chumba cha kungojea sekondari. Imfundishe mtoto maisha atakayoishi.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya serikali shule nyingi zilizokuwa za madhehebu. Seminari ziliachwa mikononi mwa makanisa. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa kama hili letu yakaenea vijijini. Mwaka 1974 chama cha TANU kiliazimia huko Musoma kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 kazi hiyo ikashika nchi nzima.

Mlango wa chini ulipanuliwa sana, lakini mlango wa juu ulibaki mwembamba. Fedha zilikuwa chache, na serikali ilichagua kuwapa watoto wengi elimu kidogo kwanza, kabla ya kuwapa wachache elimu nyingi. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawiwa kwa mikoa. Mtoto wa Lushoto aliyechaguliwa aliweza kupelekwa mkoa wa mbali kabisa, akakaa bwenini na watoto wa makabila mengine. Jambo hilo lilijenga umoja wa taifa, na wengi wa siku hizo hulikumbuka kwa furaha. Lakini kwa kila mmoja aliyepanda basi pale Mombo na sanduku lake la bati, wenzake wengi walibaki shambani na cheti cha darasa la saba.

Katika miaka ya 1980 hali ya uchumi iliharibika na ada ya sekondari ilirudishwa. Serikali ikaruhusu zaidi makanisa, jumuiya na wazazi wenyewe kujenga shule. Watu wa Kilimanjaro walitangulia mbele katika kazi hii. Kwetu Usambara, mashirika ya dini yaliendelea na kazi yao ya zamani. Masista wa Kikatoliki wana shule ya wasichana Kifungilo. Shule ya wasichana ya Mazinde Juu ilianzishwa mwaka 1989. Walutheri wana shule Lwandai, upande wa Mlalo. Shule za namna hii zimewainua watoto wengi, hasa wasichana, ambao zamani hawakuwa na mahali. Lakini zina ada, na ada huchuja watu kama mtihani ulivyochuja zamani. Tofauti ni kwamba mtihani humchuja mtoto, na ada humchuja mzazi.

4. Shule ya kata

Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na madarasa ya chini yakafurika. Watoto hawa wote wangekwenda wapi baada ya darasa la saba? Ndipo mwaka 2004 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kwa kifupi MMES. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2005 kazi iliongezwa mwendo: kila kata ijenge shule yake ya sekondari.

Tazama hesabu hizi. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Yaani katika miaka 5 tu shule ziliongezeka zaidi ya mara tatu. Hakuna serikali yoyote iliyotangulia, ya Wadachi wala ya Waingereza, iliyofanya jambo kama hilo hapa.

Nani aliyezijenga? Serikali ilitoa fedha, lakini wananchi walitoa mikono yao. Mimi nalijua jambo hili kwa sababu nililiona. Mama yangu alibeba mawe kichwani kutoka mtoni, yeye na wanawake wenzake, na wanaume walifyatua matofali. Mwaka 2007 niliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya kata milimani. Sitaitaja jina, maana shule hiyo leo si ile ya siku zile.

Tulikuwa na madarasa mawili yaliyoezekwa na moja lililokuwa bado linangoja bati. Walimu walikuwa watatu pamoja na mkuu wa shule. Mwalimu wa hesabu hatukuwa naye mwaka wote wa kwanza. Baadaye alikuja kijana mmoja aliyekuwa amepewa mafunzo ya muda mfupi. Watu waliwaita walimu wa namna yake "voda fasta". Alikuwa na moyo sana, lakini alifundisha hesabu, fizikia na kemia kwa vidato vyote, na mtu mmoja hana mikono sita. Tulitoka shule ya msingi tukifundishwa kwa Kiswahili. Sasa kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Ukutani hakuna kitu, maabara hakuna, vitabu vya kugawana.

Watu wa mjini walizicheka shule hizi. Sisi hatukucheka. Kwetu hiyo ndiyo shule iliyokuwapo.

Aliyekaa dawati la mbele yangu alikuwa msichana hodari kuliko sisi sote. Mwalimu alipouliza swali, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Kwao kulikuwa ng'ambo ya bonde la pili. Ukitazama kutoka shuleni uliuona moshi wa jiko la mama yake. Lakini kwa miguu ilikuwa saa mbili: kushuka hadi mtoni, kisha kupanda. Aliondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Mvua za masika zilipokuja, njia iliteleza na mto ulijaa. Kidato cha pili wazazi wake walimpangia chumba karibu na shule, akaishi peke yake, akijipikia. Watoto wa siku hizi huita chumba hicho geto. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha shule. Alipata mimba, na siku zile msichana mwenye mimba alifukuzwa.

Wazazi wake walimpenda, tena walimpeleka shule wakati majirani wengine hawakuwapeleka binti zao. Lakini hakuna aliyeuliza: ni saa ngapi kwa miguu? Na usiku analala wapi? Kwa sababu ya maswali mawili yasiyoulizwa, mtoto aliyetuzidi sote alikosa elimu yake. Mimi niliyekuwa nyuma yake nilifeli hesabu mwaka 2010, nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaendelea hadi stashahada. Si kwamba nilikuwa na akili zaidi. Kwetu palikuwa karibu na shule, basi.

Sasa tumalize historia. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba watahiniwa takriban 6 katika kila 10 walipata sifuri. Nchi ilishtuka. Matokeo yalipangwa upya, lakini somo lilibaki: majengo si shule. Kisha likaja agizo la kila shule ya kata kuwa na maabara 3: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, na wananchi wakachangishwa tena. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa tena katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba aruhusiwe kurudi masomoni. Na mwaka 2024 ulianza mtaala mpya wenye mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, yaani ufundi na kazi za mikono.

5. Mambo ya kuuliza kabla ya kukata shauri

Ndugu msikilizaji, sasa tuko tayari kuchagua. Sitakuambia shule ya kata ni mbaya, wala sitakuambia ni nzuri. Wala si kweli kwamba shule ya mbali yenye ada ni nzuri kila mara. Nitakupa maswali, nawe utafute majibu kwa miguu yako na macho yako.

Swali la kwanza: ni saa ngapi kwa miguu ya mtoto? Usipime kwa macho, wala usiulize ni kilomita ngapi. Milimani kwetu jirani unayeweza kumwita kwa sauti yaweza kuwa safari ya saa nzima. Tembea njia hiyo mwenyewe, asubuhi na mapema, na kama waweza, siku ya mvua. Sasa tufanye hesabu. Saa 2 kwenda na saa 2 kurudi ni saa 4 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha 4 kwa 194, unapata saa 776. Gawanya kwa 24, unapata siku 32 na zaidi. Yaani mtoto huyo yuko njiani mwezi mzima, mchana na usiku bila kulala, kila mwaka. Mwezi huo ungekuwa wa kusoma, au wa kupumzika, au wa kukusaidia shambani.

Swali la pili: kama hatarudi nyumbani, atalala wapi? Uliza kama shule ina bweni au hosteli, na nani mlezi wa usiku. Kama huna njia ila chumba cha kupanga, usimweke mtoto peke yake, hasa msichana. Tafuta ndugu, au jamaa unayemwamini, au wazazi watatu mpange pamoja na mama mmoja akae nao kwa zamu. Gharama ya kupokezana zamu ni ndogo kuliko gharama ya kumpoteza mtoto.

Swali la tatu: walimu ni wangapi, na wa masomo gani? Usiridhike kuambiwa walimu ni 12. Uliza: nani anafundisha hesabu? Nani anafundisha sayansi? Nani anafundisha Kiingereza? Swali la Kiingereza ni kubwa, kwa sababu mtoto wetu hutoka katika Kiswahili, na asiposaidiwa miezi ya kwanza, masomo yote humpita kama maji juu ya jani la mgomba. Uliza pia kuhusu mkondo: shule hii inafundisha elimu ya jumla peke yake, au pia amali? Kama ni amali, vifaa viko wapi? Omba uvione.

Swali la nne: walioingia wangapi, na waliomaliza wangapi? Watu wengi huuliza tu ni wangapi waliopata daraja la kwanza. Swali hilo halitoshi. Tuseme shule moja ilipokea watoto 80 kidato cha kwanza, na waliofanya mtihani wa kidato cha nne ni 45. Hao 35 wako wapi? Labda njia iliwashinda, labda njaa, labda mimba, labda waliondoka kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Ziko hata shule za kulipia zinazojivunia matokeo mazuri, kumbe watoto waliokuwa wazito waliambiwa watafute shule nyingine njiani. Ni rahisi kusifu mavuno ukiwa umetupa nje ya hesabu mahindi yaliyonyauka. Matokeo ya kila shule hutolewa na Baraza la Mitihani. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kukusomea.

Swali la tano: mchana wanakula? Ada imefutwa, lakini sare, madaftari na chakula bado ni shughuli ya mzazi. Mtoto aliyekunywa uji saa 11 alfajiri na kukaa hadi saa 9 alasiri bila kitu hasomi, anahesabu vipindi. Mahali pengi wazazi wamekubaliana kutoa mahindi na maharage baada ya mavuno. Katika milima inayolisha Dar es Salaam kabichi, karoti na viazi, si haki mtoto wetu ashinde na njaa.

Swali la sita: mkuu wa shule anamjua mtoto kwa jina? Hapa ndipo shule ndogo inapoweza kuishinda kubwa. Shule ndogo haina vitu vingi, lakini mtoto asipofika siku mbili, kuna mtu anayeona. Mwalimu anawajua wazazi wake, anakutana nao sokoni Lushoto au gulioni Soni. Katika shule kubwa ya mbali mtoto anaweza kupotea huku jina lake bado liko kwenye daftari.

Ukishapata majibu, yaweke katika mizani. Kama shule ya kata iko karibu, ina mwalimu wa hesabu na chakula cha mchana, usiuze ng'ombe kwa ajili ya jina la shule nyingine. Fedha hiyo nunua vitabu, taa na viatu imara. Kama shule ya kata ni saa mbili kwa miguu na haina bweni, na wewe una uwezo wa ada, shule ya bweni si anasa. Kama huna uwezo huo, nenda kwa Afisa Elimu Kata uulize habari za kumhamishia mtoto shule nyingine ya serikali iliyo karibu na ndugu zako. Tena usinyamaze: shule ya kata ni shule yako. Ina bodi, ina mkutano wa wazazi. Mama zetu waliobeba mawe hawakubeba ili wakae nje ya mlango.

6. Neno la mwisho

Nilipopangiwa shule, nilipewa fomu ya maelekezo ya kujiunga. Mama yangu hakujua kusoma. Alinipa mimi niisome, nami nilikuwa mtoto, nikasoma mahali pa sare na godoro, nikaruka mengine kwa kuwa yalikuwa marefu. Mahali pale nilipoparuka palisema mzazi anakaribishwa kuja kuonana na mkuu wa shule kabla muhula haujaanza. Mama hakwenda, kwa sababu hakujua ameitwa.

Mwaka uliofuata alijiandikisha katika kisomo. Alipoweza kusoma, jambo la kwanza alilolitafuta sandukuni ni fomu ile. Aliisoma yote, neno kwa neno, jioni nzima. Kesho yake asubuhi alivaa kanga yake nzuri akaenda shuleni, akamwambia mkuu wa shule: "Mwalimu, nimechelewa mwaka mmoja, lakini nimekuja."

Wewe unayesoma maneno haya umekwisha kumpita mama yangu wa siku zile. Fomu ya mtoto wako isome mwenyewe. Usione haya kuingia ofisini. Babu zetu hawakuwa na shule ya kuchagua, sisi tunayo. Basi tuchague tukiwa macho wazi.

Maneno ya kukumbuka

Kata: eneo la serikali za mitaa lenye vijiji au mitaa kadhaa.
Amali: kazi ya ufundi au ya mikono.
Mtahiniwa: mtu anayefanya mtihani.
Muhula: kipindi cha masomo kati ya likizo na likizo.
Stashahada: cheti cha chuo kilicho chini ya shahada.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini serikali ya Wajerumani ilifungua shule Tanga? Je, kusudi hilo lilikuwa sawa na la wazazi?
2. Mwaka 2004 shule za sekondari zilikuwa 1,291, na mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Ziliongezeka shule ngapi?
3. Kutoka nyumbani kwako hadi shule ya kata ni saa ngapi kwa miguu? Fanya hesabu ya mwaka mzima kwa siku 194.
4. Wazazi wa msichana aliyesimuliwa wangefanya nini ili asiache shule? Na majirani je? Na shule je?
5. Chagueni watu watatu katika darasa hili waende shule ya sekondari ya kata, wamwulize mkuu wa shule maswali yote sita, na walete majibu kipindi kijacho.

Kwaherini, ndugu. Tukutane tena katika somo lijalo.